Unyayoni

Maji ya Parana yana rangi ya chai ya maziwa.
Ukizamisha mkono hadi kiwiko, mkono umekwenda;
unabaki kuuamini tu.
Kwa hiyo mtoni sikuwahi kumwona Evaristo Bonfanti.
Nilimjua kwa ncha za vidole.

Gusa.
Kila mapigo mawili, unyayoni, gusa.
Kilomita ya tano, ya kumi na mbili, ya thelathini,
amejibanza nyuma yangu pale maji yalipolegea,
mimi napasua, yeye anateleza
kama dereva anayefuata gari la wagonjwa kwenye foleni.
Kisha daraja likitokeza
na watu wakianza kugonga masufuria ukingoni,
huchomoka ubavuni, mbichi kama aliyeamka sasa hivi,
akanipita kwa urefu wa kiganja.
Miaka mitatu: kiganja, kiganja, kidole.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Changu kilikuwa unyayoni.
Nilimwita kupe, redioni, Santa Fe nzima ikisikia.
Akacheka: "Kupe hachagui ng'ombe mgonjwa."
Mwaka uliofuata nikampa asante ya punda,
teke la pua, makusudi, karibu na kisiwa cha mierebi.
Alitoka majini damu hadi kidevuni, kombe mkononi,
akaniinamia:
"Odila, goti lako la kushoto limechoka. Lipumzishe."

Nilimchukia zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli.
Lile goti hakulijua mtu. Hata mama.

Halafu Februari ya upepo wa kusini,
mawimbi mafupi, ya hasira, yanakuja kinyume na mkondo.
Kilomita ya arobaini na moja
miguu yangu ikawa yangu peke yangu.
Nilihesabu mapigo mawili. Manne. Kumi.
Baba, ndani ya kayaki, akininyooshea kikombe kwenye fimbo,
alipaza sauti: "Umemwacha! Nenda!"

Nilienda. Nataka hili lijulikane, nilienda,
mapigo sitini, labda sabini,
na furaha imenijaa kifuani kama maji niliyomeza.
Kisha unyayo ukaanza kuwasha
pale pasipokuwa na kitu.

Kurudi nyuma mtoni ni kupanda mlima.
Nilimkuta kwenye magugu-maji, bega limegoma,
midomo rangi ya zabibu, mpiga kasia wake
anamwita upande usiokuwa wenyewe.
Nikamshika kidevu. Macho yake, kumbe, ni ya kahawia.
"Utashindwa," akasema.
"Nyamaza, kupe."

Alishinda mwalimu mmoja wa hesabu kutoka Goya.
Hadi leo hututumia kadi.

Mwezi Juni alikuja Koronda bila kuitwa,
akasimama kwenye tuta la stroberi la baba
na kuchuma vibaya, mabichi pamoja na yaliyooza,
mkono mmoja, kwani mwingine ulikuwa kwenye tanzi.
Baba hakumjibu salamu hadi kreti ya tatu.
Mimi nilimjibu ya pili.

Siku hizi tunapokezana:
kilomita moja mimi mbele, moja yeye.
Asubuhi ya kwanza nilipokaa nyuma
sikuona kitu, ni ule ukungu wa kahawia tu,
kelele za damu yangu, na woga wa kitoto
kwamba mto mzima nimo peke yangu.
Nikanyoosha vidole.
Unyayo wake ni mkavu, una kovu kisiginoni.
Miaka mitatu nilidhani ananiudhi.
Alikuwa anauliza: upo?

Gusa. Nipo. Gusa.

Lakini Februari ni Februari.
Mkono wangu ameshapewa, mbele ya padri na majirani,
kiganja cha mwisho chini ya daraja
hatakipata, na ameambiwa.
Goti limepona.
Naye analijua hilo kabla yangu.